Mjomba kaniachia gobore, nami hata picha ya bunduki siwezi kuitazama

Shikamoo mama mshauri.

Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Nachingwea, nina miaka 30, mke na mtoto mmoja wa kiume wa miaka mitatu. Naandika usiku mama watoto akiwa amelala, kwa sababu jambo hili sijawahi kulitamka mbele ya mtu.

Mjomba wangu alifariki baada ya Ramadhani. Ndiye aliyenilea baba alipotutoka, ndiye aliyenilipia ada hadi chuo. Kwetu Wamwera, kama unavyojua, mpwa ndiye mrithi wa mjomba, ingawa siku hizi mambo yamechanganyika. Siku ya arobaini wazee walikaa barazani wakatoa vitu vyake: kanzu mbili, bakora, redio, na gobore lake la leseni alilolindia shamba la mihogo na korosho dhidi ya nguruwe. Mzee mmoja akasema, "Hili la mwalimu." Binamu yangu akalinyanyua kwa utani akaniwekea mapajani.

Mama, masikio yaliziba. Mikono ikafa ganzi, jasho likanitiririka hadi kiunoni. Niliinuka, gobore likaanguka kwa kishindo, nikakimbilia nyuma ya jiko nikatapika. Watu walicheka. Mmoja akasema mwalimu kalewa chaki. Mama yangu akanitetea kwamba ni uchungu wa msiba, nami nikaitikia.

Haukuwa msiba. Ni miaka sasa. Benki siingii kwa sababu ya mlinzi wa mlangoni na bunduki yake, mshahara nautoa kwa wakala na makato yananila kila mwezi. Mke wangu anadhani napenda tu njia za mkato. Tukienda kwao Tandahimba tukakuta kizuizi chenye askari, mimi natazama sakafu ya gari mpaka tuondoke, siku moja konda aliniuliza kama naumwa. Nafundisha Historia. Nikifika Vita ya Majimaji kuna ukurasa una picha ya askari wa Kijerumani na bunduki zao, na kwenye kitabu changu ukurasa huo nimeukunja miaka minne. Panga na shoka havinitishi hata kidogo, kila mwaka nafyeka mikorosho kwa mkono wangu.

Hakuna kilichowahi kunipata. Sijapigwa risasi wala kuporwa. Mwaka 2013 nilikuwa nasoma Mtwara mjini, siku zile za vurugu za gesi, watu walipopinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam, tukalala chini ya kitanda kwa shangazi siku mbili tukisikia milio. Lakini hiyo ilikuwa ya wote, na wenzangu wote wazima. Bibi mzaa baba, aliyevuka Ruvuma akikimbia vita vya Msumbiji, alikuwa hataki tuelekezeane hata vijiti kama bunduki. Tulimwona mkali tu.

Nimesoma mtandaoni kwamba huu ni ugonjwa unaitwa hoplofobia. Rafiki mmoja alisema ni jini, nikapewa hirizi, nimeivaa miezi mitatu bila nafuu. Mwalimu mwenzangu niliyemdokeza nusu nusu, kama habari ya mtu mwingine, alisema mtu huyo alaze bunduki chini ya kitanda wiki nzima, woga utakufa wenyewe.

Gobore sasa liko darini kwa mama, limefungwa shuka. Mama anasema kulikataa ni kumkataa kaka yake. Nikilikataa litakwenda kwa binamu, na huyu kila mtu anajua huingia porini na wenzake, nyama hurudi na haiulizwi ilikotoka. Nikilikubali, litaingia nyumba yenye mtoto. Na mtoto mwenyewe ndiye aliyeninyima usingizi: mwezi uliopita dukani aliona bunduki ya plastiki akajificha nyuma ya mguu wangu. Mama yake akacheka, "Kafanana na baba." Sikujua kama anajua au ametania.

Wazee wanataka jibu kabla ya mvua za Desemba, nguruwe wakianza. Je, huu ni woga wa kijinga? Nijilazimishe? Niseme ukweli niwe kichekesho cha ukoo?

Mwalimu, Nachingwea

*

Marahaba, mwanangu. Na pole ya msiba. Katika barua yako yote msiba umeupa mistari michache, kisha gobore likachukua nafasi iliyobaki. Nadhani hata barazani ilikuwa hivyo.

Nikikusoma vizuri, mambo mawili umeyafunga kwenye furushi moja. Kuna mwili wako, ambao umekuwa ukikukimbiza mbele ya bunduki kwa miaka mingi. Na kuna swali la ukoo, nani achukue gobore la marehemu. Umeandika kana kwamba ukijibu moja umejibu na lingine: ukipona utalichukua, usipopona utalikataa. Sioni kwa nini iwe hivyo. Mtu anaweza kupona kabisa na bado asitake bunduki nyumbani kwake, na anaweza kuwa bado anatetemeka huku suala la gobore limeshamalizwa na wengine.

Nianze na gobore, kwa sababu woga umekaa miaka na unaweza kungoja wiki moja, lakini kile chuma kilicho darini kwa mama yako hakifai kungoja. Gobore hushindiliwa kwa mdomoni: baruti, kitambaa, goroli, vyote vikasukumwa kwa mdeki, ile fimbo ya kushindilia. Ukilitazama kwa nje huwezi kujua kama limeshiba au lina njaa. Likikosa fataki linaonekana limekufa, kumbe baruti iliyokauka vizuri inaweza kukaa humo muda mrefu sana ikingoja cheche. Je, kuna aliyelikagua siku ile kabla ya kukuwekea mapajani? Hukuandika. Hebu jiulize basi, kati ya binamu aliyecheza nalo na wewe uliyeruka, mwili wa nani ulikosea? Sisemi ulitapika kwa hekima. Nasema tu kwamba neno "kijinga" ulilotumia halitoshi kubeba tukio lote.

Tena kuna sheria. Leseni ya bunduki ilikuwa ya mjomba, imekwenda naye. Bunduki haigawiwi barazani kama kanzu. Mwenyewe akifariki, silaha hukabidhiwa polisi, na anayeitaka, awe wewe au binamu, anaomba leseni kwa jina lake na kuchunguzwa kama anafaa. Kwa hiyo mzee aliposema "hili la mwalimu" alitoa heshima, hakukupa bunduki. Hapa ile hofu yako kwamba ukikataa binamu atalibeba inabadilika sura kidogo, maana naye atapita mlango uleule, wenye maswali. Ugumu ninaouona uko kwa mama. Watu wengi kwetu wakisikia polisi wanasikia kesi, na anaweza kuona umemshtaki kaka yake kaburini. Kwa hiyo asiachiwe peke yake. Mzee mmoja wa ukoo pamoja na mtendaji wa kijiji waende kwanza kituoni kwa mdomo, waulize likabidhiwe vipi. Wewe huhitajiki kulibeba. Na jamani, asilibebe mtu yeyote kwa bodaboda, limefungwa shuka kama mtoto mchanga.

Kuhusu nguruwe sitasema mengi. Hawangoji mirathi, ni kweli, lakini wapo wakulima chungu nzima wanaolinda kwa moto, debe na mbwa, na mjomba mwenyewe nina hakika hakulala na gobore kila usiku.

Sasa woga. Hilo neno hoplofobia ulilolikuta mtandaoni lina hadithi yake. Lilibuniwa mwaka 1962 na Jeff Cooper, Mmarekani aliyekuwa mwanajeshi na baadaye mwalimu wa kulenga shabaha, naye alilitumia kuwarushia watu waliokuwa wakizichukia bunduki. Si ugonjwa ulioorodheshwa kwenye vitabu vya madaktari. Wao husema fobia ya kitu maalumu, wawe wanazungumzia nyoka, mahali pa juu, sindano au bunduki, na huangalia mambo kadhaa: je, woga umedumu miezi sita au zaidi, umezidi hatari iliyopo, na unamvurugia mtu maisha? Kwako miaka ni mingi, na makato ya wakala ni ushahidi. Lakini hicho kipimo cha kati, kuzidi hatari, kinahitaji tuchambue kama mchele. Gobore lisilokaguliwa mapajani ni hatari. Askari wa kizuizini ni hatari ndogo sana kwa abiria aliyetulia. Picha ya kitabuni haiwezi kukufanya lolote. Mwili wako unazipa zote tatu jasho lilelile.

Unasema hakuna kilichokupata. Mwanangu, nimeusoma mstari huo mara tatu, kwa sababu baada yake tu umeandika siku mbili chini ya kitanda. Mei 2013 nami nilikuwa Mtwara. Nilijilaza jikoni na wajukuu, na mpaka leo tairi likipasuka barabarani mkono wangu huenda kifuani kabla sijafikiri. Kwamba yalitupata wote hakufanyi yasiwe yamekupata wewe. Watu kumi wakinyeshewa mvua moja, mmoja hupata homa. Wenzako "wazima" umewauliza lini?

Hata hivyo sitaki nikukabidhi 2013 kama chanzo ukaondoka nacho. Mwanasaikolojia Stanley Rachman aliandika mwaka 1977 kwamba woga wa namna hii hutufikia kwa njia tatu: kwa kupatwa, kwa kumwona mwingine akiogopa, na kwa kusimuliwa. Wewe una zote tatu, ukimhesabu bibi na vijiti vyake. Yeye hakuwa mkali, alikuwa ameona. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mjukuu aliyelala pembeni yake hujifunza kushtuka bila kumwona nyoka. Na wapo wengi wenye fobia ambao hawakumbuki chanzo chochote, wanatibika vilevile.

Nitakuuliza swali moja ambalo mtaalamu naye atakuuliza, nawe ujibu kwa ukweli. Je, zile siku mbili hukurudia, katika ndoto, au ghafla mchana, ukajikuta uko tena chini ya kile kitanda? Unashtuka kwa kishindo chochote, hata cha mlango? Kama ndiyo, basi huenda si fobia peke yake, ni jeraha la tukio, na tiba yake hufuata njia tofauti. Ndiyo maana nasita kukupa mazoezi ya kufanya peke yako usiku kama ulivyoandika barua hii.

Lile la panga limenipendeza. Katika vijiji vyetu panga limekata vidole na miguu mingapi? Lakini wewe unafyeka nalo unapiga mluzi. Hukuzaliwa hujali panga. Ulilizoea: ulianza kwa kuona wakubwa, ukapewa kijipanga butu, ukakatwa kidogo, ukaendelea. Bunduki hukupewa nafasi hiyo, na kila ulipoikwepa uliuambia mwili kwamba kukwepa ndiko kulikokuokoa. Siku unayokwenda kwa wakala mapigo yanatulia, unapata raha, na ile raha ndiyo inayoulisha woga. Hilo ndilo fundo.

Namna ya kulifungua si mpya. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, alieleza jinsi alivyomsaidia Peter, mtoto wa karibu miaka mitatu aliyeogopa sungura. Mtoto alipewa chakula anachokipenda, sungura akawekwa ndani ya kizimba mbali. Siku nyingine karibu kidogo. Siku nyingine karibu zaidi. Mwisho Peter alimshika. Kazi ya matabibu leo ina mengi kuliko hayo, lakini uti wa mgongo ni uleule: hatua ndogo unayoweza kuistahimili, ukae hapo mpaka mapigo yashuke yenyewe ukiwa bado unatazama, ndipo hatua inayofuata. Kwako hatua ya kwanza huenda ni ule ukurasa uliokunjwa. Ya mwisho utaichagua wewe, na inaweza kuwa kuingia benki tu. Hakuna aliyesema ngazi hii lazima iishie kwenye kitako cha gobore.

Hiyo ya kulaza bunduki chini ya kitanda wiki nzima naiogopa mimi mwenyewe, tena sana. Ni kumtupa asiyejua kuogelea katikati ya Ruvuma. Ukikimbia siku ya pili, na nadhani utakimbia, woga utakuwa umeshinda kwa mara nyingine na utajifunza nguvu zake. Na mtoto wa miaka mitatu huingia chini ya vitanda. Vivyo hivyo usije ukajitia ujasiri kwa pombe au vidonge vya kuomba kwa rafiki. Hirizi sina ugomvi nayo, dua pia endelea nazo, ila hazikuzuii kwenda hospitali ya mkoa, Sokoine pale Lindi au Ligula Mtwara kama njia inakuwa nyepesi zaidi, ukaulizia huduma ya afya ya akili. Najua ugumu wake. Nauli, ruhusa ya mkuu wa shule, na kukutana na mzazi wa mwanafunzi kwenye benchi la kungojea. Huenda kukaa kimya kukawa rahisi kwa mwezi huu. Wewe ndiye unayejua umeshalipia ukimya huo kiasi gani.

Mtoto wako sasa. Miaka ya 1980 mwanasaikolojia Susan Mineka aliwachunguza nyani waliokulia maabara, ambao hawakuogopa nyoka. Walipowaona wazazi wao waliotoka porini wakimwogopa nyoka, walijifunza woga huo kwa muda mfupi sana. Baadaye video zilihaririwa ili nyani aonekane kama anaogopa maua, na hapo watazamaji hawakujifunza kitu. Kwa hiyo inawezekana mwanao amesoma uso wako siku fulani barabarani. Inawezekana pia alimwonea haya muuza duka. Tukio moja ni dogo. Lakini nikuulize, ungependa mtoto wa miaka mitatu afanye nini akiona bunduki? Mimi wangu ningependa asiiguse na akimbilie mtu mzima, na huyo wako kakimbilia mguu wa baba yake. Anachohitaji kukiona zaidi ni baba anayeogopa, anapumua, na bado anabaki amesimama.

Limebaki la aibu. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na wewe kicheko umeshakipata bila kufa. Kuwaambia wazee wote kuna faida ya kumaliza, na kuna hatari ya jina kukuganda miaka. Kutumia sheria na mtoto kama sababu ni kweli tupu na kunakuhifadhia uso, ila woga utabaki umefichwa, na mwakani utakuja na kisingizio kingine. Kumwambia mtu mmoja tu ni njia ya katikati. Ningemfikiria mkeo. Yule aliyesema "kafanana na baba" pengine anajua zaidi ya unavyodhani, na ametania ili akufungulie mlango. Au alitania tu. Hutajua kwa kutazama sakafu.

Na kukubali bakora na kanzu, ukaacha gobore, kwa wazee wako ni matusi? Sijui ukoo wenu, unaujua wewe. Lakini kuna jambo nimelitafuta katika barua yako sikulikuta. Umekaa na mjomba tangu baba yako alipofariki. Shamba alikuwa nalo, nguruwe walikuwepo, na wewe ulikuwa kijana wa kiume mwenye nguvu. Hukuandika hata mara moja kwamba alikupa gobore ulishike, wala kwamba alikuchukua kulinda usiku. Mwanaume wa zamani ana mpwa mmoja wa kumrithi, na hamfundishi silaha yake? Huenda hakukuwa na nafasi, ulikuwa shuleni. Huenda alikuona siku moja na akanyamaza.

Mama yako ni dada yake. Kabla hujampa jibu la gobore, muulize kama kaka yake aliwahi kusema kwa nini. Kisha niandikie alichokujibu.